Siagi ya Boma la Birhahwa

Mercianne na Patient, ninyi wawili mliobaki na bidon zangu za maziwa, mliniomba niandike namna kazi hii inavyofanywa. Naandika, lakini msitegemee kusoma lini nilipandishwa cheo au nilipata nini mwisho wa mwezi. Hayo hayajawahi kumsaidia mtu kujua kama maziwa yameharibika. Nitaandika yale ambayo ningependa mtu anieleze siku ile ya kwanza, nilipofika laiterie, pale maziwa yanapopokelewa na kuuzwa, na viatu vya kanisani na mfuko wa mkononi, nikidhani kupima maziwa ni kazi ya kukaa mezani.

Ilikuwa inanyesha. Laiterie yetu wakati ule ilikuwa chumba kimoja chenye sakafu ya saruji, huko Kadutu juu, mjini Bukavu, na mlango mpana ambapo pikipiki zilizotoka Miti na vilima vingine vya Kabare zilisimama kushusha bidon za aluminium. Papa Déo, mpimaji wa siku hizo, aliangalia viatu vyangu, akaangalia mfuko, halafu akanipa kifuniko cha bidon nishike.

“Maman Noëlla,” akasema, “apa tunasimamaka.”

Nilisimama. Nimesimama mpaka mwezi uliopita. Viatu vile vya kanisani vilikufa siku ile ile, na Papa Déo hakuvisikitikia hata kidogo.

Alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, na mkali kuhusu pua kuliko padri kuhusu dhambi. Alinikataza sabuni ya manukato, mafuta ya manukato na vitunguu vibichi, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Mume wangu alilalamika kwamba alioa mwanamke anayenukia siku ya Jumapili tu. Lakini ndivyo ilivyo: ukifungua bidon, pumzi ya kwanza ndiyo inayokwambia kitu. Ya pili imeshazoea. Harufu ya moshi si kosa, maana wafugaji wetu wanafukiza vyombo vyao kwa moshi na maziwa yanaibeba. Harufu ya plastiki ni kosa. Mtu akikwambia alitumia jerikeni ya mafuta “mara moja tu”, mrudishie maziwa yake mara moja tu.

Baada ya pua kuna vyombo. Kuna kipimajoto, kuna kile kipimo kinachoelea kwenye maziwa na kusaliti walioongeza maji, na kuna bastola ya alkoholi, ambayo Wafaransa waliipa jina hilo bila kufikiria barabara zetu. Nilisimamishwa siku moja kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, ya Mudaka, askari akauliza, “Oyo nini?” akionyesha mfuko wangu. Nikamjibu ukweli: pistolet. Kuanzia siku hiyo niliiita “kipimo cha alkoholi”, nami nawashauri mfanye vivyo hivyo. Kazi yake mnaijua. Inachanganya maziwa kidogo na alkoholi. Yakiteremka laini kwenye kioo, pitisha. Yakitoa chembechembe kama uji uliopikwa vibaya, rudisha.

Na hapa lazima niseme kwa nini sisi tunakuwa wakali kuliko wengine. Tunauza maziwa mabichi, kama yalivyotoka kwenye ng'ombe. Tunapokea kutoka kwa wafugaji ambao ng'ombe wao wanatoka asubuhi kwenda kula majani, ndama ananyonya kwanza kabla ya mtu kukamua, na hakuna fimbo. Kina maman wa mitaa ya Nyawera na Muhumba wanapanga foleni na sufuria zao kwa ajili ya hilo. Wanasema yana utamu ambao ng'ombe wa kufungwa nyumbani, anayelishwa machicha ya bia, hawezi kuutoa, nami nakubali. Lakini kiwanda kinachopika maziwa kina moto wa kurekebisha makosa. Sisi hatuna. Kilichopita mlangoni petu kinakwenda moja kwa moja jikoni kwa mtu. Kila mteja nilimwambia achemshe. Wengine walinijibu kwamba babu zao hawakuchemsha. Niliwauliza wako wapi hao babu.

Papa Déo alipostaafu niliachiwa pua na bastola. Miaka ikapita, vita vikaja, vikaondoka, vikarudi, barabara ya Miti ikafungwa na kufunguliwa, na maziwa yakaendelea kufika kila yalipoweza. Mengine yalikuwa mazuri, mengine mabaya. Sitayaeleza yote. Nitaeleza kesi moja, ile iliyonifundisha kwamba mlango wa laiterie si mwanzo wa maziwa.

Juu ya Miti, karibu na mahali msitu unapoanzia, kuna boma la Muzee Birhahwa. Vita viliwahi kulimaliza. Wenye silaha walichukua ng'ombe wote, isipokuwa mtamba mmoja aliyejificha kwenye migomba na kurudi peke yake asubuhi, akasimama mlangoni mwa nyumba. Muzee alimwita Salama. Kutoka tumbo la Salama boma zima lilizaliwa upya: binti zake, wajukuu zake, mpaka wakawa saba wa kukamuliwa. Hakuna aliyewahi kufungwa miguu wala kupigwa. Muzee alikuwa akiwaita kwa majina, nao wanakuja mmoja mmoja, kila mmoja kwa zamu yake. Maziwa yake yalikuwa mazuri kiasi kwamba wateja walikuja wakiuliza, “Bidon ya Miti imefika?” kabla hata ya kunisalimia.

Halafu, mvua zilipoanza mwaka mmoja, bidon ya Miti ilitoa chembechembe. Niliirudisha. Ikapita siku chache, ikatoa tena. Daktari wa mifugo alipanda, akakuta ng'ombe watatu wana ugonjwa wa kiwele, akawatibu. Maziwa yakawa safi. Nikashukuru Mungu mapema mno, kwa sababu baada ya muda mfupi wakaugua wengine, na wa kwanza wakaanza upya.

Monsieur le Directeur, mkuu wa laiterie, aliniita. Ni mtu wa haki, mnamjua.

“Maman Noëlla, batoto ba hii mji banakunywa hii maziwa. Siwezi kuendelea vile. Mvua ikiisha na ngombe zikiwa bado na ugonjwa, tunamutoa Muzee mu liste ya bafugaji.”

Ningekuwa mahali pake ningesema vile vile. Lakini nilijua maana yake. Kule juu hakuna mnunuzi mwingine anayeweza kuchukua maziwa ya ng'ombe saba kila asubuhi. Muzee alikuwa ameshasema kwamba akitolewa atauza boma lote, na mtu wa buchari, muuza nyama, alikuwa ameshapanda kuwatazama, akiwapapasa mgongoni namna mtu anavyochagua godoro. Boma lile lilizaliwa upya kutoka kwa mtamba mmoja, na sasa lingeishia kwenye ndoano za Bukavu kwa sababu ya kiwele.

Niliumia, na niliudhika pia. Kazi yangu ilikuwa kukataa, na kukataa ni rahisi: unarudisha kifuniko. Nikamwambia Directeur kwamba nitakuwa napanda Miti asubuhi na pikipiki ya bidon, kabla ya kazi.

“Kazi yako iko huku,” akasema.

“Maziwa inaanzia kule, Directeur.”

Akanitazama, akakuna kichwa. “Utakawia.”

“Mercianne iko. Anajua kuangalia kioo.”

Ndiyo, Mercianne, ulikuwa na miezi michache tu kazini. Nilikusifu kuliko ulivyostahili. Baadaye ulistahili.

Asubuhi ya kwanza nilifika na kisahani cha kupimia kiwele, kile chenye vishimo vinne, kimoja kwa kila chuchu. Unakamulia kidogo, unaongeza dawa ya zambarau, unazungusha. Maziwa mazima yanabaki maji. Maziwa ya kiwele kigonjwa yanavutika kama mlenda. Jambo jepesi, isipokuwa kwenye maboma yale mwanamke hakamui ng'ombe wala hamgusi chuchu. Hata mke wa mwenye boma anapokea maziwa nje ya uzio. Nilijua hilo tangu utoto, kwetu ni vivyo hivyo, kwa hiyo sikufika kupigana nalo.

“Muzee,” nikasema, “wewe utakamua. Mimi nitashika sahani tu.”

Muzee Birhahwa ni mrefu, mwenye ndevu nyeupe chache na sauti ya chini. Alitazama kisahani, akatazama dawa.

“Na kisha, ile maziwa utaipeleka wapi?”

“Inatupwa. Iko na dawa.”

“Kutupa maziwa chini, mbele ya ngombe yenyewe?” Akatikisa kichwa. “Maman, hapana. Ile haifanyikake.”

Nilikuwa nimesahau. Niliuliza kama ana chupa. Mke wake, Maman Furaha, akaniletea moja kupitia uzio, na kila tone la kisahani nililimimina humo, nikaibeba chupa mpaka mjini nikaitupa mbali na macho ya ng'ombe. Kwa miezi ile nilipanda barabara ya Miti na chupa ya ute wa zambarau mfukoni. Afadhali askari wa Mudaka hakuiona.

Kisahani kilionyesha wagonjwa, na mgonjwa kupita wote alikuwa Salama. Upande mmoja wa kiwele chake ulikuwa mgumu kama kiazi. Daktari wa mifugo alisema upande ule hautapona tena, umeshazeeka na ugonjwa wake. Lakini wengine walikuwa vijana, wamelala mahali pakavu, wanakula vizuri, mikono ya muzee ilioshwa kabla ya kazi. Ugonjwa ulitokaje kwa bibi ukafika kwa wajukuu? Daktari aliuliza kila kitu, nami niliuliza yaliyobaki. Hatukupata.

Basi nikakaa kwenye uzio na kutazama. Nilirudi kesho yake nikatazama tena, na kesho yake, mpaka mbwa wa pale akaacha kunibwekea. Kuna baridi kule asubuhi, ukungu unashuka msituni na kukaa juu ya migongo ya ng'ombe. Muzee anaita. Anayekuja kwanza ni Salama, kwa sababu ndiye mkubwa, na mkubwa hakamuliwi nyuma ya watoto wake. Ndama wake anaachwa anyonye kidogo, anatolewa. Muzee anachuchumaa. Anaingiza vidole kwenye kijungu kidogo cha udongo, anatoa siagi, anaipaka kwenye chuchu taratibu, zote nne, akiongea na ng'ombe kwa Mashi, lugha ya kwetu. Ndipo anakamua. Akimaliza anaita wa pili. Anachuchumaa, anaingiza vidole kwenye kijungu.

Nilijishika mdomo. Nilikuwa nimekiona kijungu kile kila asubuhi, namna unavyoona kigoda.

Vidole vilitoka kwa Salama vikaingia kwenye siagi, vikatoka kwenye siagi vikaenda kwa binti yake, na hivyo hivyo mpaka wa saba. Nilipomwelezea daktari, alisema kwamba alipouliza wanakamuaje, walimwonyesha maji, ndoo, kitambaa. Siagi hakuna aliyeitaja, kwa sababu kwao si sehemu ya kukamua. Ni heshima kwa ng'ombe. Alichukua siagi kidogo kwenda kuipima, na jibu lilikuwa lile tuliloliogopa: ugonjwa ulikuwemo.

Sasa kazi ilikuwa kulisema. Siagi ile aliitengeneza Maman Furaha kwa mkono wake, akitikisa maziwa kwenye kibuyu mpaka yakatike, akaiweka karibu na moto ilainike. Hakuna chuchu iliyowahi kupasuka kwa baridi katika boma lile, na watu wa kilima kizima walijua ni kwa sababu ya siagi yake. Nilifikiria maneno njia nzima kutoka Mudaka. Nilipofika nikayasahau, nikasema tu.

Maman Furaha alisimama upande wangu wa uzio, mikono kiunoni.

“Unasema mafuta yangu ndio inauwa ngombe ya bwana yangu?”

“Hapana, maman. Mafuta iko muzuri. Ni mikono ndio inabeba ugonjwa inauweka mule mu kijungu.”

“Mikono ya nani?”

Hapo muzee akainuka. “Miaka yote hii,” akasema, na sauti yake haikuwa ya chini tena, “nimepaka ngombe zangu mafuta juu zisiumie. Sitafunga ngombe miguu. Sitapiga. Sasa unakuya kuniambia ile wema ndio ugonjwa? Rudia ku Bukavu, maman. Bidon utaiona kama utaiona.”

Nilirudi Bukavu. Sitaki mdhani sikulia. Nililia juu ya pikipiki, na dereva akaongeza mwendo kwa adabu. Lakini kesho yake nilipanda tena. Mvua zilikuwa zinapungua, na neno la Directeur lilikuwa palepale. Mtu wa buchari naye alikuwepo asubuhi ile, ameegemea uzio kama mkwe. Labda ndiye aliyenisaidia, bila kujua. Muzee alimtazama yeye, akanitazama mimi, akaniita kwa kichwa.

“Sema vile unataka tufanye.”

Nilisema: kijungu kikae nyumbani. Mikono ioshwe kati ya ng'ombe na ng'ombe. Siagi ipakwe baada ya kukamua, na kila ng'ombe apate yake kwenye kipande cha jani la mgomba, jani litupwe motoni. Wazima wakamuliwe kwanza. Salama asikamuliwe tena. Maziwa kidogo aliyobaki nayo daktari atamsaidia yakauke.

“Salama asiitwe?” akauliza.

“Asiitwe.”

Alikubali, lakini uso wake sikuupenda.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa mbaya. Muzee alimwita binti mkubwa wa Salama kwanza. Salama, aliyesikia jina la mtoto wake likitangulia lake, akaja mwenyewe. Wakamsukuma nje ya uzio, akaanza kulia, sauti ndefu, na wote ndani wakainua vichwa. Yule binti akashikwa chuchu kavu na mikono iliyotoka kwenye maji baridi. Alipiga teke. Ndoo ikaruka, maziwa yakamwagika chini, mbele yao wote, yakaingia kwenye tope.

Muzee alibaki amechuchumaa, anatazama tope. Alikuwa hajawahi kupigwa teke katika boma lake, na maziwa yalikuwa hayajawahi kwenda chini. Mtu wa buchari, aliyekuwa amerudi kwenye uzio, akakohoa. Nilitamani ardhi inimeze mimi na kisahani changu.

Ni Maman Furaha aliyeongea. Alikuwa amekataa kuniamkia asubuhi ile, na hata sasa alizungumza akimtazama mume wake.

“Ile ngombe haiko inalilia mafuta. Mikono yako iko ya baridi. Mafuta yangu inalalaka pembeni ya moto, inafikaka ya joto.” Akaingia nyumbani, akatoka na sufuria ya maji moto na kanga kuukuu, akaanza kuichana vipande, kimoja kwa kila ng'ombe. “Osha na hii. Pangusa na hii. Na ule muzee wetu Salama mwenye kulia pale inje, mumupatie tour yake, zamu yake.”

“Maman Noëlla anasema tusimukamuwe,” muzee akajibu.

“Musimukamuwe. Lakini mumupatie tour yake.”

Walimfungulia Salama. Aliingia akapita wote, akasimama mahali pake pa siku zote. Muzee akachukua jani lenye siagi, akampaka shingoni na mgongoni, mbali na kiwele, akimwambia maneno yake ya Mashi. Alikawia naye muda ule ule ambao angemkamua. Halafu akampigapiga ubavuni, “Haya,” na Salama akatoka zake kwenda majani, bila mtu kumsukuma. Muzee akaosha mikono kwa sabuni na maji moto mpaka viwiko, mimi nikimsimamia, akamwita binti.

Binti alisimama. Chuchu zilipanguswa kwa joto, maziwa yakashuka, na katika ndoo yakaanza kulia ile sauti ambayo ninyi wawili hamtaijua mpaka mpande kule.

Daktari aliwatibu wagonjwa upya, na safari hii hawakurudia. Siwaambii kwamba yalikuwa mara moja. Bidon ilirudishwa tena, na tena, na kila iliporudishwa nilipanda kusema mwenyewe, sikumtuma dereva. Kisha asubuhi moja, mvua zikiwa zimeisha, nilibonyeza kipimo mbele ya Directeur, maziwa yakateremka kwenye kioo laini kabisa. Akachukua kioo mkononi mwangu akakiinua dirishani.

“Pitisha,” akasema, na hilo ni neno langu, si lake.

Mtu wa buchari aliacha kupanda. Boma lipo mpaka leo, na mkiona foleni ikiuliza bidon ya Miti, sasa mnajua ni nini wanachouliza.

Kabla sijastaafu Directeur alipanda naye, mara moja, kujionea. Alivaa buti mpya. Alimwona Salama akija wa kwanza, mzee sasa, mifupa ya nyonga imetokeza, akapakwa siagi yake mgongoni na kuruhusiwa.

“Muzee,” akauliza, “ile inatoa litre ngapi?”

“Hakuna.”

“Sasa juu ya nini unapoteza nayo wakati kila asubuyi?”

Muzee Birhahwa alikuwa ananawa. Hakuinua kichwa.

“Inakuyaka yenyewe, Directeur. Hizi zote zilitoka mule mu tumbo yake. Asubuyi ikikuya, nitamuambia nini? Ati asimame pembeni?”

Njiani Directeur aliniambia tu kwamba buti zinambana.

Yaliyobaki mnayajua, ila moja, na hili ni la Mercianne. Asubuhi yangu ya kwanza bila kazi niliamka kama kawaida. Nilijiambia nitafua. Nilijikuta nimevaa buti za mpira nikiwa nimefika nusu ya njia ya Kadutu, na kurudi ningeonekana mjinga, basi nikaendelea. Bidon zilikuwa zinashushwa. Patient alikuwa anabeba, wewe, Mercianne, umeshika kipimo. Nilisimama mlangoni nisijue niweke wapi mikono. Nilijua vizuri kabisa kwamba hamnihitaji. Niliwafundisha mwenyewe.

Uliniona. Hukuniuliza nimefuata nini. Ulibonyeza kipimo, ukaja na kioo mpaka mlangoni.

“Maman, uniangaliliye hii. Iko sawa?”

Nilikiinua kwenye mwanga. Niliangalia kwa muda wote ambao kazi hiyo inataka, wala sikuharakisha. Maziwa yalikuwa laini.

“Pitisha,” nikasema.

Ukasema aksanti, ukarudi kwenye kazi. Ndipo nilipotazama bidon yenyewe, miguuni pa Patient, nikaona alama yako ya chaki imeshakauka kwenye kifuniko. Ulikuwa umeshaipitisha kabla sijafika.

Nilitoka nikashuka kilima polepole, nikicheka peke yangu na kujifuta machozi, na watu wa Kadutu wakanipisha njia.